Usipige JPEG ya nyeusi na nyeupe kwenye vichochoro vya Mwanza

Mkuu, kabla hujatoka hiyo Jumamosi, fungua menyu ya kamera yako, nenda kwenye ubora wa picha, toa JPEG (picha ambayo kamera imeshaikamilisha yenyewe) weka RAW (faili ghafi yenye kila kitu kamera ilichonasa). Fanya sasa hivi, kisha urudi usome.

Umeandika kwamba utapiga JPEG ukiwa umeweka mtindo wa nyeusi na nyeupe ili "jicho lizoee" na kadi isijae, halafu uingie saa sita mchana kwenye vichochoro vya Mabatini na Igogo, migongo ya maduka ya Makoroboi na kingo za mto Mirongo, mahali ambapo watu wanapita bila kutazama. Wazo la mradi ni zuri sana, na sehemu hizo zinastahili. Umeuliza pia lenzi gani ununue, karatasi gani ya kuchapia na kama mwenyekiti wa mtaa lazima aambiwe. La mwenyekiti nitalifikia mwishoni, lenzi na karatasi zisubiri kwanza. Ila hilo la JPEG ndilo litakalokula kazi yako nzima, na utaligundua siku unachapa, wakati nyumba ulizopiga zimeshapakwa rangi upya au zimebomolewa.

Kamera ikiwa kwenye JPEG ya nyeusi na nyeupe inakuamulia jambo moja bila kukuuliza. Inachanganya nyekundu, kijani na buluu kwa viwango ilivyopangiwa kiwandani, inapata kijivu, inaandika hicho kijivu kwenye kadi, na rangi zinatupwa. Hazijafichwa popote ndani ya faili. Hakuna programu ya kuzirudisha, na zile zinazopaka rangi picha za kale zinabuni tu. Ugali ukishasongwa haurudi kuwa unga.

Mtu atasema, rangi za nini wakati nataka nyeusi na nyeupe? Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Chukua ukuta wa kawaida kabisa wa uchochoroni. Nusu ya chini imepakwa rangi ya mafuta ya buluu. Chini ya gata kuna mchirizi wa kutu umeshuka mpaka kwenye msingi. Pembeni, maji yanapotuama, kuna kuvu ya kijani. Vitu vitatu, na tofauti yao ndiyo iliyokusimamisha pale. Sasa vipe namba kwa kipimo cha 0 hadi 255, kwa mpangilio wa nyekundu, kijani, buluu. Ukuta wa buluu uwe 50, 100, 190. Kutu iwe 150, 80, 40. Kuvu iwe 80, 110, 60. Mchanganyo uliozoeleka unachukua asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya buluu. Piga hesabu mwenyewe kwa kikokotoo cha simu: ukuta unatoka 95, kutu 96, kuvu 95.

Soma tena hizo namba. Ukuta, kutu na kuvu vimekuwa kijivu kile kile. Kilichokufanya usimame hakimo kwenye picha. Mtu anafika nyumbani, anaona picha imepooza, anaanza kusukuma kontrasti (tofauti ya mwanga na giza). Kontrasti haiwezi kutenganisha 95 na 96, inavihamisha vyote pamoja. Plasta nyeupe ya juu inaungua, yaani inabaki nyeupe tupu bila maelezo, mlango wa ndani unakuwa shimo, na kwa kuwa JPEG ina ngazi 256 tu za kijivu, anga linaanza kukatika mistari-mistari. Kisha anailaumu lenzi na kwenda kukopa hela ya lenzi nyingine.

Ukuta huo huo ukiwa kwenye RAW, ukiutazama kupitia nyekundu peke yake, kutu inakuwa 150, ukuta 50, kuvu 80. Mchirizi unang'aa juu ya ukuta wa giza. Ukiutazama kupitia buluu, ukuta unapanda hadi 190 na kutu inashuka hadi 40, sasa mchirizi ni mweusi juu ya ukuta mweupe. Hizo ni picha mbili tofauti kabisa kutoka kwenye faili moja, na uamuzi ni wako, umekaa, unatazama kwa utulivu. Kazi ya nyeusi na nyeupe inafanyika hapo kuliko mahali pengine popote.

Nakereka na hawa walimu wa video wanaowaambia vijana "piga JPEG kama mabwana wa zamani, ujifunze nidhamu", na mwisho wa video wanauza preseti (mipangilio ya kuhariri iliyokwisha tayarishwa). Wamechukua nusu ya habari. Wapiga picha wa filamu hawakuwa wanatupa kitu. Walibaki na negativu, iliyoshika maelezo mengi kuliko chapa yoyote iliyotoka humo, na walirudi kwenye chumba cha giza kuichapa upya hata baada ya miaka. Uamuzi wa rangi waliufanya kabla ya kubofya kwa sababu filamu iliwalazimisha: walifunga kioo cha njano, cha machungwa au chekundu mbele ya lenzi kulingana na walichotaka kigeuke cheusi. RAW ndiyo negativu yako. Anayekwambia uifute kwa jina la nidhamu hajawahi kuchapa ukuta kwa ukubwa wa meza akautetea mbele ya watu.

Na hicho kioo chekundu usikinunue kwa kamera ya kawaida ya dijitali. Kihisi chake, yaani sehemu inayonasa mwanga, kina pikseli za kijani nusu nzima, nyekundu robo na buluu robo. Ukifunga nyekundu mbele, robo moja tu ndiyo inapata mwanga wa maana, nyingine zinabaki na chenga (vidoadoa vya ovyo). Unapoteza pia karibu stopu tatu za mwanga, na kila stopu inakata mwanga nusu. Kioo kile kina maana kwenye filamu, au kwenye kamera chache zilizotengenezwa bila rangi kabisa kama Leica M Monochrom.

Kuzoeza jicho ni hoja ya kweli, na suluhisho lipo bila gharama. Weka RAW, kisha mtindo wa picha uweke Monochrome: kwa Canon iko kwenye Picture Style, kwa Nikon Picture Control, kwa Fujifilm chagua Acros. Kioo cha nyuma kitaonyesha nyeusi na nyeupe, faili itabaki na rangi zote. Ukiifungua kwenye programu isiyo ya kampuni ya kamera, kwa mfano darktable ambayo ni ya bure, itatokea ya rangi. Usishtuke.

Kuna mtego mmoja hapo ambao hausemwi. Histogramu ya kamera, ile grafu ya giza na mwanga, inatokana na ile picha ya kioo cha nyuma, haitokani na RAW yenyewe. Ukiwa kwenye Monochrome, mlango uliopakwa rangi nyekundu ya mafuta ukipigwa na jua unaweza kuwa umeshaungua kwenye nyekundu huku histogramu inakuonyesha mambo shwari. Nyumbani ukiupandisha mlango unapata bapa tupu, michirizi ya brashi imekwenda. Kwa ukuta wenye rangi kali rudi kwenye rangi kwa picha moja ya majaribio, tazama histogramu za rangi tatu, punguza mwanga theluthi moja au mbili za stopu, ndipo urudi Monochrome uendelee.

Kuhusu kadi kujaa: kamera ya megapikseli 24 inatoa RAW iliyobanwa ya karibu MB 25 hadi 30. Kadi ya GB 64 inabeba zaidi ya 2,000. Huwezi kupiga vichochoro 2,000 kwa siku ukiwa unatazama sawasawa.

Saa sita mchana nayo ifikirie upya. Saa zetu zinafuata mstari wa longitudo ulio mashariki zaidi, na Mwanza iko magharibi, kwa hiyo jua linafika juu kabisa karibu na saa saba kasoro. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linapita karibu utosini. Kivuli unachokitafuta kinakuwa kimelala chini ya paa, ardhi inaungua, ndani ya mlango ni giza. Mwezi Juni jua la mchana linakaa kaskazini, ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopata mwanga, Desemba inageuka. Panga mitaa yako kwa hilo. Saa mbili na nusu hadi tatu na nusu asubuhi mwanga unapita kwa ubavu juu ya plasta na kila ufa unaonekana. Siku ya mawingu usikae nyumbani: Bernd na Hilla Becher wa Ujerumani walipiga matangi ya maji na tanuri za viwanda kwa miongo mingi, na walisubiri anga la mawingu makusudi ili umbo lisimame bila kivuli kulivuruga. Mvua ikishakatika, mawe ya Igogo yanageuka meusi kwenye michirizi ya maji na kubaki ya kijivu pembeni, na lile bomba jeusi la maji lenye mstari wa buluu linalopita juu ya jiwe linaanza kuonekana. Mstari huo ni wa buluu, kwa hiyo kwenye JPEG yako ungezama kwenye bomba. Kwenye RAW unaupandisha unavyotaka.

Kupima mwanga: weka kipima kisome nukta moja, kielekeze kwenye sehemu nyeupe kuliko zote ambayo bado unataka ionyeshe chembechembe, mara nyingi plasta yenye jua, kisha ongeza stopu mbili. Mng'ao wa bati jipya uache uungue, hauna maelezo ya kuokoa. ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) 100 au 200, tundu la lenzi f/8, tripodi, na kijisubirishi cha sekunde mbili ili kidole kisitikise kamera. Kamera isiinamishwe juu wala chini, kuta zisije zikaegemeana.

Unapochanganya rangi nyumbani, usishushe buluu hadi mwisho ili anga liwe jeusi. Buluu ndiyo yenye chenga nyingi, na pale jiwe linapokutana na anga utajitokeza mstari mweupe wa kuzunguka jiwe. Ukiuona, rudi nusu ya ulikofika.

Mwenyekiti wa mtaa aambiwe, ndiyo, siku moja kabla, na mwonyeshe picha chache kwenye simu aelewe unatafuta nini. Kwenye kivuko cha Kamanga, bandarini na reli omba ruhusa kwa wahusika kwanza, usitoe tripodi kiholela.

Kesho asubuhi piga ukuta mmoja tu, wowote wenye rangi mbili na kutu, ukiweka RAW na JPEG kwa pamoja. Fungua zote mbili, usiguse kontrasti kwanza, cheza na nyekundu na buluu peke yake kwenye ile RAW, halafu ziweke zote hapa kwenye uzi tuzione.