Tairi la Pikipiki Kibarazani: Nondo Mbili, Magoti na Maji ya Sabuni

Nimewahi kutoboa tyubu mpya mbili kwa mchana mmoja, hapahapa kibarazani kwangu. Ilikuwa Idi pili, fundi pancha wetu hapa Mikese amefunga banda, na mimi nina tairi jipya la nyuma, bisibisi mbili ndefu, na kiburi cha mtu aliyetazama video moja kwenye simu. Tyubu ya kwanza niliichana kwa ncha ya bisibisi. Nikaenda dukani nikachukua nyingine, nikaichana palepale.

Akapita mzee mmoja anayetengeneza baiskeli huku kwetu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unagombana na nini hapo?"

"Tairi hili dogo, babu. Nadhani wameniuzia saizi siyo."

Akainama, akasoma ubavuni: 3.00-17. Saizi ndiyo yenyewe. Kisha akaniuliza, "Huku unavuta. Kule upande wa pili, mdomo wa tairi umeuweka wapi?" Sikulielewa swali. Akapiga magoti juu ya tairi, akalikandamiza, akamalizia kwa viganja. Liliingia kama kifuniko cha sufuria.

Sasa ile siri yenyewe. Ndani ya mdomo wa tairi, yaani ule mzingo wa ndani unaoshika rimu, kuna waya wa chuma, na waya huo haunyumbuki hata ukivuta na majirani watatu. Lakini tazama rimu yako ikiwa wazi: katikati imezama kama bonde, kingo mbili zimenyanyuka. Ukiusukuma mdomo wa tairi uingie kwenye bonde upande mmoja, upande wa pili unapata nafasi ya kuruka ukingo. Mdomo ukikaa juu ya ukingo pande zote, hakuna nguvu itakayokusaidia, na ukizidisha utapinda rimu. Siku hizi nikiona nimeanza kutumia nguvu nasimama, nazunguka upande wa pili, natazama. Mara zote mdomo umepanda kutoka bondeni.

Vifaa. Bisibisi weka kando kabisa, ncha yake ni kisu. Mimi nilimpelekea fundi wa kuchomelea vipande viwili vya nondo ya milimita 12, akavipasha moto, akaviponda ncha na kuvipinda kidogo kama kijiko. Nyumbani nikavisugua kwa tupa na msasa mpaka havikwaruzi kidole. Hizo ndizo leva zangu mpaka leo. Ukiwa na rimu ya aloi, kata vipande vya dumu la plastiki uviweke kati ya nondo na rimu, la sivyo utaichubua. Ongeza spana za ekseli yako (pima kwanza, pikipiki hazifanani), koleo, pampu ya mkono, na kopo la maji yenye sabuni nyingi. Usiweke oili wala mafuta ya taa badala ya sabuni. Mpira haupendi mafuta.

Kutoa gurudumu la nyuma hakuna maajabu. Pikipiki isimame kwenye stendi ya kati, mahali tambarare. Fungua nati ya fimbo ya breki na ule mkono unaoshika sahani ya breki, chomoa kotapini (ile pini inayozuia nati ya ekseli isifunguke), legeza nati ya ekseli, kisha virekebisha cheni, huku ukikumbuka alama zilikuwa mstari wa ngapi. Kuna pikipiki ambazo sproketi, yaani sahani ya meno inayovutwa na cheni, hubaki na cheni yake, na kuna ambazo hutoka pamoja na gurudumu. Hizo itoe cheni kwenye meno kwanza. Ukichomoa ekseli, bushi na washa zitaanguka, zinaanguka siku zote. Tandika gunia, uzipange kwa mfuatano ulivyozitoa, na mfukuze kuku.

Toa upepo wote kwa kuchomoa kile kisindano cha ndani ya valvu. Mdomo wa tairi lililokaa muda mrefu huwa umegandana na rimu. Kanyaga kwa visigino karibu kabisa na rimu, ukizunguka. Likigoma, laza gurudumu chini, mwite jirani mwenye pikipiki aegeshe stendi yake ya pembeni juu ya tairi, karibu na rimu lakini si juu ya rimu, kisha muiegemeze taratibu. Utasikia mlio mdogo, limeachia. Geuza, rudia upande wa pili.

Kutoa, anzia penye valvu, na magoti yakandamize upande wa mkabala. Nondo ziachane upana wa kiganja, zisizame ndani sana zikaikamata tyubu. Ukishatoa mdomo mmoja, vuta tyubu. Hapa watu wengi wana haraka: kama ulipata pancha na tairi linaendelea kutumika, pitisha kitambaa ndani lote, si vidole vitupu. Msumari au mwiba wa mgunga ukibaki mle utatoboa tyubu mpya kabla hujafika sokoni. Angalia pia ule ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki. Ukichanika, spoki zitaitoboa tyubu kwa chini na utamlaumu muuzaji bure.

Kabla ya kufunga jipya, lisome. Mengine yana mshale unaoonyesha tairi lizunguke upande gani. Kuna pia tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi linaweza kung'aa na bado likawa limekaa stoo miaka saba. Mimi nalirudisha dukani bila aibu. Na tairi jipya lipe tyubu mpya. Ya zamani imeshatanuka, itajikunja ndani na kukatika kwenye mkunjo.

Mdomo wa kwanza unaingia kwa sabuni na mguu tu. Kisha ipulize tyubu kidogo, ipate umbo bila kukaza, ipake poda ya mtoto, iingize, valvu itoke tunduni na nati yake izungushwe mara mbili tu. Mdomo wa pili unaanzia mkabala na valvu na kumalizikia penye valvu, kwa sababu shina la valvu linaziba bonde pale na mdomo hauwezi kuzama. Mimi nilifanya kinyume, ndiyo maana nilichana. Ile sehemu ya mwisho, kama shibiri moja, ndiyo inayoua tyubu. Mwagia sabuni, hakikisha magoti yako kazini kule mkabala, sukuma valvu ndani kidogo ili tyubu isibanwe, kisha nyanyua nondo kwa hatua ndogondogo.

Jaza, toa upepo wote, jaza tena, tyubu hujinyoosha. Ubavuni karibu na rimu kuna mstari mwembamba, uwe umbali sawa na rimu mzunguko mzima. Ukizama mahali, punguza upepo, paka sabuni, jaza upya. Yangu naweka PSI 25 mbele, nyuma 28 nikiwa peke yangu na 32 nikiwa na abiria. Yako ifuate maelekezo ya pikipiki yako. Nati ya valvu usiikaze kwenye rimu, iache juu karibu na kifuniko. Tairi likiteleza utaiona valvu imelala upande, ukarekebisha kabla haijang'oka.

Haya yote ni ya tairi la tyubu. Lisilo na tyubu linataka upepo wa ghafla wa kompresa, mpelekee fundi, na wale wanaolipua petroli ndani ili likae waache na nyusi zao.

Ukirudisha gurudumu, kotapini iwe mpya, na kanyaga breki mara kadhaa kabla hujawasha. Kesho yake bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likiwa limelegea, usikimbilie spana: weka mate kwenye tundu la valvu uangalie kama yanatoa povu. Mimi niliwahi kufungua gurudumu zima upya, kumbe ni kisindano tu sikukikaza.