Mwanao kavunjika mguu Dar, wewe uko Minnesota

"Mama yake si yuko Marekani? Atume dola, kijana apelekwe India, mambo yaishe." Maneno haya hutoka kila bodaboda inapomwangusha mtoto wa mtu aliye huku, na hutoka kabla hata eksirei haijapigwa. Ngojeni tuelewane, ndugu zangu.

Mnadhani kuja ni nauli tu. Sheria ya likizo ya familia ya serikali kuu ya Marekani inatoa wiki 12 bila mshahara, tena uwe umetimiza miezi 12 kazini na saa 1,250 katika mwaka uliopita, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi. Mtoto akishafika miaka 18, anahesabika tu ikiwa ana ulemavu unaomzuia kujihudumia. Kwa mguu utakaopona baada ya miezi kadhaa, meneja anaweza kukubishia. Asiye na karatasi kamili ndiyo balaa: aliyeomba hifadhi akatoka bila kibali cha kusafiri huhesabiwa kwamba ameliacha ombi lake, na akienda nchi ileile aliyosema anaikimbia, hata hicho kibali hakimwokoi kirahisi. Mtu akinyamaza mnapomuuliza "unakuja lini?", msiseme ana roho ngumu. Hayo hawezi kuyaandika kwenye grupu la ukoo.

Kinachobaki ni simu, na hapo ndipo mnatuangusha. Picha ya damu barabarani ya nini? Tutumieni eksirei: pande mbili, ya mbele na ya ubavu, goti na kifundo vyote vionekane. Bandikeni filamu kwenye kioo cha dirisha mchana, mzime flashi, ndipo mpige. Mmoja aende polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, mwingine abaki na mgonjwa. Namba ya chombo kilichomgonga na taarifa za bima zipigwe picha siku hiyohiyo, maana bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, na bila namba hizo madai hayaendi popote.

Kama ngozi imepasuka juu ya mfupa uliovunjika, hata kwa tundu dogo, swali ni moja: dawa ya kuua vijidudu kwa mshipa ameanza saa ngapi? Inatakiwa mapema iwezekanavyo, pamoja na kinga ya pepopunda, halafu kidonda kioshwe chumba cha upasuaji. Kumwagia spiriti pale mapokezi si kuosha.

Akishafungwa hogo, ile plasta ngumu, piga simu ya video uone vidole vya mguu. Ndugu abonyeze kucha ya kidole gumba kisha aachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Lakini msitulie kwa hilo peke yake. Mvunjiko wa muundi unaweza kuvimbisha misuli kwa ndani mpaka damu ikose njia, na kucha bado ikarudi rangi vizuri kabisa. Dalili ya kuiogopa ni maumivu: yanazidi badala ya kupungua, dawa haigusi, na mtu mwingine akimnyoosha vidole taratibu anapiga kelele. Hapo hogo lipasuliwe lote pamoja na pamba mpaka ngozi ionekane, mguu usiinuliwe juu ya moyo, daktari wa mifupa aitwe sasa hivi. Misuli hufa kwa saa chache. "Vumilia wewe ni mwanaume" imeshaharibu miguu ya kutosha.

Raundi ya madaktari ni saa 2 asubuhi; huku, majira ya joto, ni saa 6 usiku. Tutaamka. Ila kumbukeni mtu wa miaka 26 anasaini mwenyewe, na daktari hana wajibu wa kuongea na mama aliye ng'ambo mpaka mgonjwa aruhusu. Mwombe aruhusu. Akikataa, mwache, mguu ni wake. Hapana, usimwache: mpigie kesho, usiseme neno kuhusu bodaboda. Wengi huficha hali kwa kuogopa hotuba.

Na mganga wa kuunga mifupa? Wapo wenye mkono mzuri. Mguu wenye kidonda, au unaoendelea kuvimba, si kazi yao, na vijiti vilivyokazwa mno vinaozesha mguu.

Hela ya hospitali ya serikali iende na namba ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99, na risiti irudi. Ya chakula na nauli apewe mgonjwa mwenyewe. Mtu mzima akiomba vocha kwa shangazi kila siku anaanza kujiona mzigo.

Ukipata ruhusa moja tu, usiitumie wiki ya kwanza. Wiki hiyo wodi imejaa ndugu. Njoo wiki ya 5 au ya 6, wageni wameshatawanyika, kijana yuko chumbani peke yake na goti limeanza kukakamaa. Hapo ndipo anahitaji mtu wa kumsimamia mazoezi, na wa kumuuliza daktari kitu ambacho hakuna aliyeuliza: mguu huu aukanyagie kwa uzito kiasi gani, na kuanzia lini? Magongo yapimwe amesimama, juu yabaki vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja. Akining'inia kwa makwapa, mishipa ya fahamu inaumia na mkono unakufa ganzi. Kupanda ngazi, mguu mzima unatangulia; kushuka, magongo na mguu mbovu. Choo cha kuchuchumaa hatakiweza: tobo katikati ya kiti cha plastiki, kingo zilainishwe kwa msasa, miguu ya kiti isiteleze kwenye vigae. Fundi wa mtaani anakimaliza kwa mchana mmoja. Kifanyeni kabla hajaruhusiwa kutoka, msisubiri Western Union.