Umemaliza Rama ya kwanza, je, uendelee na ya pili? Jibu langu

Ndugu yangu, umeeleza kwamba riwaya ya Rendezvous with Rama uliimaliza kwa kukesha, ukaikimbilia Rama II, mwendelezo wake, siku ileile, na sasa umekwama mahali ambapo wanaanga hata chombo chenyewe hawajakitia mguu. Unauliza kama tatizo ni wewe au ni kitabu. Ni kitabu. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo hili liliniuma na bado linaniuma kila nikimwona msomaji mzuri anakatishwa tamaa pale pale.

Tukumbushane kwanza Arthur C. Clarke alitupa nini mwaka 1973. Chombo cha umbo la silinda, kiitwacho Rama, urefu kilomita 50 na kipenyo kilomita 20, kinaingia kwenye mfumo wa jua kikitokea huko mbali kwenye nyota. Meli moja tu ya angani, Endeavour ya Kamanda Norton, iko mahali pa kuweza kukiwahi. Wanaingia, na ndani ni giza tupu. Ule mteremko wa ngazi nimeurudia mara nyingi sana. Watu wanashuka, tochi zao hazifiki popote, na kadiri wanavyoshuka ndivyo uzito unavyowarudia mwilini, kwa sababu chombo kinajizungusha na uzito wote ndani yake unatokana na mzunguko huo. Juu kwenye mhimili mtu anaelea. Chini anasimama kwa miguu yake kama yuko nyumbani. Clarke haongezi chumvi. Anakwambia hewa ikoje, baridi ikoje, ngazi ni ndefu kiasi gani. Hofu unaitia mwenyewe.

Kisha taa zinawaka. Bahari iliyoganda inayeyuka chombo kinapolikaribia jua. Viumbe nusu mashine vyenye miguu mitatu vinatoka kufanya kazi zao na wala havimwangalii mtu. Wenyewe waliokitengeneza hatuwaoni kamwe, mpaka kitabu kinaisha. Chombo kinalizunguka jua, kinachota kinachokihitaji, kinaondoka. Hakikuja kutupiga wala kutusalimu.

Mtu wa Mombasa hisia hiyo anaijua. Kaa pale ufukweni Mama Ngina saa za alasiri, na mhogo wako wa kuchoma uliotiwa ndimu na pilipili, uitazame meli ya makontena inavyopita mlangoni kuingia Kilindini. Inapita karibu hata unaona kutu iliyochuruzika kwenye tundu la nanga, na baharia mmoja ameegemea juu, hujui atokako wala hana habari na wewe. Ina safari yake. Rama ni meli hiyo, ila ni kubwa kuliko kisiwa chetu chote.

Sasa njoo kwenye Rama II, iliyotoka mwaka 1989. Clarke mwenyewe alieleza kwamba hakuwa na nia ya kuandika mwendelezo. Ile sentensi ya mwisho ya kitabu cha kwanza, kwamba Warama, yaani wenye chombo, hufanya kila kitu kwa tatu tatu, aliiongeza dakika za mwisho wakati wa kusahihisha. Wasomaji wakaishika kama ahadi ya mwendelezo. Miaka 16 baadaye ahadi ikatimizwa na watu wawili: Clarke na Gentry Lee, mhandisi wa NASA aliyefanya kazi kwenye safari za vyombo vya angani vya Viking na Galileo. Lee anajua vyombo vya angani kwa undani, wala simdharau. Lakini mkono unaoonekana katika kurasa zile ni wake, na moyo wake uko kwa watu na ugomvi wao, hauko kwa chombo.

Ndiyo maana umekwama. Rama ya pili inakuja takriban miaka 70 baada ya ile ya kwanza, na kabla hujaigusa unapitishwa kwenye uchumi wa dunia ulioporomoka, mikataba ya televisheni, nani anamtaka nani, nani anamchimba nani. Wanaanga ni 12, na kila mmoja ana siri yake. Ami yangu, aliyekula umri wake kwenye zile meli ndogo za kuvuta meli kubwa pale bandarini, ndiye aliyenipa kitabu cha kwanza. Alikipenda kwa sababu kila mtu mle ndani anafanya kazi yake: nahodha anafikiria usalama wa watu wake, daktari anapima, fundi anatengeneza. Nilipompa cha pili alifika kama robo akanirudishia. "Hawa," akaniambia, "wangeshushwa kabla meli haijang'oa nanga."

Nimelifikiria sana neno hilo, na naona amegusa penyewe. Wale 12 tunaambiwa wamechaguliwa kutoka dunia nzima. Kisha wanafanyiana mambo ambayo hata kwenye boti ya uvuvi hayavumiliki. Si kwamba wanadamu hawana fitina. Wanazo, na riwaya za fitina tunazipenda. Tatizo ni kwamba fitina hizo zingeweza kutokea popote, ofisini au kwenye kampeni za siasa. Ukikiondoa chombo kutoka nusu ya kwanza ya kitabu, hakipungukiwi kitu. Katika kitabu cha kwanza ukikiondoa chombo hakibaki hata ukurasa mmoja.

Hapa nitofautiane kidogo na waliokujibu kabla yangu, wanaosema mwendelezo wowote huharibu. Si kweli. Chukua riwaya ya Dune ya Frank Herbert, ya 1965, na kitabu chake cha pili, Dune Messiah, cha 1969. Wasomaji wengi walikasirika, na John W. Campbell, mhariri wa gazeti la Analog ambako Dune ilianzia, alikikataa. Kikachapishwa kwanza kwenye gazeti jingine, Galaxy. Walikasirika kwa sababu shujaa wao aligeuzwa mtu ambaye kwa jina lake wamekufa watu wasiohesabika. Lakini mbegu hiyo imo kitabu cha kwanza, ukikisoma tena unaiona. Herbert alikuudhi akiwa bado anazungumza nawe jambo lile lile, na mimi namheshimu kwa hilo. Isaac Asimov naye, baada ya 1953, hakutoa tena kitabu cha mfululizo wake wa riwaya za Foundation, wasomaji na mchapishaji wakamsihi mpaka akairudia 1982. Mie naona alitumia nguvu nyingi kuunganisha vitabu vyake vyote viwe kimoja, lakini angalau swali lake la awali hakulitupa. Rama II imelitupa. Kitabu cha kwanza kiliuliza: mwanadamu afanye nini mbele ya kitu kikubwa kisichomjali? Cha pili kinauliza nani atakuwa kamanda.

Nisimdhulumu mtu haki yake, kuna Nicole des Jardins. Ni daktari wa safari, baba Mfaransa, mama Msenufo wa Kodivaa, na mambo ya ukoo wa mama yake hayakuwekwa kama pambo. Yanamrudia katika saa yake ngumu kabisa. Kwa hadithi za kisayansi za miaka ile, kumpa mwanamke mwenye damu ya Kiafrika nafasi ya katikati halikuwa jambo la kawaida. Kuna mahali ametumbukia shimoni ndani ya Rama, kwenye ule mji wa kisiwani unaoitwa New York, yuko peke yake, maji na chakula vinakwisha. Hapo kitabu kinapata pumzi. Kuna giza tena, kuna ukuta usiopandika, kuna viumbe ambao hujui wanataka nini. Kurasa hizo Clarke wa 1973 angezitia saini bila wasiwasi. Kinachoniuma zaidi ni hicho, kwamba uwezo ulikuwepo.

Cha tatu, cha 1991, na cha nne, cha 1993, sitakuharibia, ila ujue mwelekeo. Cha tatu kinahamishia ubaya wa duniani ndani ya chombo, na cha nne kinakupa majibu: nani waliotengeneza, kwa nini, mpaka habari za Muumba mwenyewe. Mimi majibu yale sikuyataka. Si kwa sababu za dini, ingawa najua wengine watasita hapo. Ni kwamba miaka yote nilikuwa nikiwaza Rama inakwenda wapi, na kuwaza huko kulikuwa sehemu ya kitabu.

Basi cha kufanya ni hiki. Usikitupe. Ruka habari zote za duniani na za matayarisho, anzia wanapoingia chomboni, usome mpaka Nicole atoke shimoni, kisha uamue. Ukiona umetosheka, funga, usijilaumu. Badala ya cha tatu tafuta The Fountains of Paradise, ya Clarke peke yake, 1979, kuhusu lifti ya kutoka ardhini mpaka angani. Lifti hiyo lazima isimame kwenye ikweta, na Clarke, aliyekuwa akiishi Sri Lanka, aliisogeza nchi hiyo kusini ndani ya hadithi ili ikweta ipite. Sisi ikweta tunayo tayari, na kutoka pwani hii, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Uhuru kwenye jukwaa la kurushia roketi la San Marco, kule baharini upande wa Malindi. Utakisoma kwa jicho jingine kuliko msomaji wa Ulaya.

Nakala yangu ya Fountains ipo, imevimba kidogo kwa unyevu wa bahari lakini kurasa zote zimo. Ukiwa kisiwani au Likoni niandikie faragha nikuazime, mradi uirudishe.