Unataka Continental GT hapa Mwanza? Soma hii kwanza

Nikiegesha Bentley Continental GT ya bosi pale Capri Point, vijana hawaulizi bei, wanauliza inakimbia ngapi. Kiwanda kinasema kilomita 303 kwa saa kwa hii ya V8, yaani ya silinda nane, nami nawajibu hivyo hivyo, ila kwa barabara zetu hiyo ni namba ya kupigia stori. Kwenda Shinyanga tu kuna vibao vya 50 kila kijiji, matuta, ng'ombe wanaovuka wakijisikia, na trafiki na tochi yake chini ya mti. Kama unalitaka gari hili kwa ajili ya spidi, hela yako fanyia kitu kingine.

Utamu wake uko kwenye safari ndefu. Ni gari la mtu anayetaka kula kilomita mia nane kwa siku na kushuka bila mgongo kuuma. V8 ya lita 4.0, iliyoingia sokoni 2012, ina nguvu farasi 507, lakini raha yenyewe ni mvuto: Nm 660, na unaupata wote injini ikiwa bado kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika. Uko nyuma ya semi lililojaa robota za pamba, nafasi inapatikana, unagusa mafuta kidogo. Halishtuki wala halipigi kelele. Linavuta tu, na semi limeshabaki kwenye kioo. Na hapo ni gari la tani mbili na ushei! Ukitulia kwenye mwendo wa safari, silinda nne zinajizima zenyewe. Nilitega sikio nisikie tofauti, sikusikia kitu.

Tangu Daraja la JPM lifunguliwe Juni 2025 na tukaagana na foleni ya kivuko pale Kigongo, safari ya Geita ndiyo naipenda kuliko zote. Vioo juu, unavuta kile kifundo cha chuma cha kufungulia upepo, ziwa kushoto na kulia. Bosi huwa kashalala kabla ya Sengerema.

Ukiamua kununua, chukua V8. Ile W12 ya lita 6.0 iliyoanza 2003 ina sifa zake, sikatai, lakini silinda 12 na turbo mbili zimebanana chini ya boneti kiasi kwamba kazi nyingi zinataka injini ishushwe. Sasa ishushiwe wapi, Mwanza hii?

Shokapu zake ni za upepo, na hapo ndipo wengi wanapigwa. Gari likiwa bado Japani au Uingereza, mwombe muuzaji picha za asubuhi, limelala usiku kucha na halijawashwa. Kona moja ikiwa imekaa chini kuliko nyingine, achana nalo. Akianza kuzungushazungusha maneno, umeshapata jibu.

Kodi usiikadirie kwa bei uliyonunulia. TRA wana thamani yao kwenye mfumo. Juu yake kuna ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 10% kwa injini kubwa, 30% nyingine ya uchakavu gari likizidi miaka 10, halafu VAT 18% inapigwa juu ya vyote hivyo.

Likishafika, nunua chaja. Betri ni mbili, ziko kwenye buti, na ukiliacha wiki kadhaa zikashuka, dashibodi itakuwashia taa za kila ugonjwa. Kwenye matuta bonyeza kitufe cha kulinyanyua, pita kimshazari, wapigao honi nyuma wapige.

Tairi za inchi 20 usitegemee kuzikuta dukani njiani. Mimi moja huwa naiweka siti ya nyuma, ambako mtu mzima hakai hata ukimlipa. Bosi alinijia juu kuhusu ngozi ya siti zake, nikaizungushia blanketi, yakaisha.