Mkokoteni Usubiri, Chimbeni Njia Kwanza

Kaka mmoja wa Ngaramtoni kaniandikia wiki iliyopita: "Shikamoo dada. Tupo familia 15, tumechoka kumpigia magoti bodaboda. Tunataka usafiri wetu wenyewe usiokunywa mafuta: punda, baiskeli za mizigo, mikokoteni. Naomba unielekeze ule mkokoteni wenu mlichongesha wapi, na kwa shilingi ngapi."

Marahaba, mdogo wangu. Mkokoteni wenyewe ukitaka kuuona, upo nyuma ya nyumba yangu. Kuku wanatagia humo.

Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu swali lako ndilo nililouliza mimi mwaka 2022, nikampelekea fundi wa kuchomelea wakati nilipaswa kumpelekea mzee wa mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia. Masika ya mwaka huu barabara yetu ilikatika, siku tisa hakuna kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, iliyopanda, na siku zote tisa ndizi na maziwa ya kikundi chetu yalifika Moshi mjini. Kwa hiyo kidogo nina haki ya kuongea. Lakini kufika hapa nilipita pabaya.

Mimi ni mtu wa Uru, mlimani Kilimanjaro. Nilirudi nyumbani baada ya miaka 11 ya uhasibu Dar, kichwa kimejaa hesabu, na watu wa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, nikiwaona kama hawajui kuhesabu. Ule mwaka petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita. Bodaboda aliyekuwa akiteremsha mikungu hadi kwenye lami akapandisha naye, mpaka mkungu mdogo ukawa haulipi nauli yake. Jirani yangu alikuwa anawakatia ng'ombe ndizi zilizokomaa, na anacheka huku akikata, cheko lile la mtu aliyekasirika. Nikaitisha watu. Tukawa kaya 23. Habari za katiba, akaunti na vikao vya kuchagua mweka hazina naziruka, unazijua.

Tukanunua punda wawili upande wa Sanya Juu. Wachaga wa mlimani na punda, bwana! Tulichekwa njia nzima. "Mmehamia umasaini?" Yule jike watoto wakambatiza Haisi, kwa sababu hata umpakie vipi hajai. Mkokoteni tukachongesha mjini, kwa difu ya Corolla chakavu. Mzuri, umepakwa rangi ya bluu, na mtupu una kilo kama 120. Breki hauna. Fundi alisema punda ndiye breki.

Hesabu hii nilitakiwa kuifanya siku ile, mimi mhasibu. Punda wa kwetu ana kilo kama 130 hadi 150, na nguvu anayoweza kuvuta kwa muda mrefu bila kuumia ni kama sehemu ya kumi ya uzito wake. Weka kilo 15. Wawili ni 30. Njia ikipanda mita 1 kwa kila mita 10, mlima peke yake unauvuta mkokoteni nyuma kwa sehemu ya kumi ya uzito wake wote, na udongo uliolegea unaongeza, tuseme, nusu ya hiyo. Kwa hiyo punda wako wawili wanaweza kupandisha kilo 200 tu. Ondoa 120 za chuma cha fundi, zimebaki 80. Kilo 80 punda wawili wanazibeba mgongoni na wanapita hata pale ambapo gurudumu halipiti. Tambarare ni hadithi nyingine: hapo hao hao wanavuta jumla ya kilo 600. Mkokoteni ni chombo cha tambarare. Sisi tuliununua tukapeleka mlimani.

Kushuka ndiko kulikotumaliza. Matandiko yetu yalikuwa na mkanda wa kifuani tu, ule wa kuvutia. Mkanda wa kupita nyuma ya mapaja, ambao punda anaukalia ili auzuie mzigo usimsukume, hatukuujua. Jumamosi moja ya Septemba, mikungu 14 ndani, tulipofika kona ya kuelekea mtoni nikaona masikio ya Haisi yamelala nyuma. Mkokoteni ulikuwa unamgonga kwenye magoti ya nyuma. Akaanza kukimbia kwa sababu hana jinsi nyingine. Kijana aliyeshika kamba akaiachia, na alifanya vizuri. Wakaenda wote, punda, bluu na ndizi, wakaingia kwenye mfongo.

Haisi alichunika magoti yote mawili, mwenzake akapona. Mkokoteni ukalala ndani ya mfongo, ukaziba maji, na ukingo ukabomoka upande wa bondeni. Vihamba vya chini vilikaa siku mbili bila maji, wakati wa kiangazi.

Kwenye kikao cha kikundi mwenyekiti alisimama akasema, "Huu mradi wa punda ulikuwa wa mama huyu, sisi alitubeba tu." Mimi niliyekwenda Sanya kwa mguu kurudi na punda! Watu wakaangalia chini. Sijasahau, na sitasingizia kwamba nimesahau.

Wazee wa mfongo wakaniita. Faini: madebe mawili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na kujenga ukingo kwa mikono yetu. Nilikwenda nimevimba. Nikakaa kwenye gogo nasubiri kusemwa, na kabla ya zamu yangu nikasikiliza kesi nyingine tatu. Huyu hakuja kuzibua siku yake. Yule amefungulia maji usiku. Huyu mwingine yupo Dar, lakini lazima alete mtu na jembe, kihamba chake kinakunywa. Kila mtu pale anajua anahusika na mfongo kutoka jiwe lipi hadi mti upi. Mifongo hii ilikuwapo kabla Wajerumani hawajapanda mlima huu, udongo mtupu unaobomoka kila masika, na bado inapitisha maji. Mzee mmoja akaniuliza, bila hasira kabisa: "Sasa mama, hiyo njia yenu ya punda, nani anaizibua?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa na katibu wa punda, mlinzi wa punda na daftari la punda. Njia haikuwa na mtu.

Januari 2023 tukaanza upya, na tulianza na majembe. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Ile njia iliyoshuka moja kwa moja kama kamba tukaiacha, tukachimba nyingine ya kupindapinda. Ndefu karibu mara mbili, lakini punda anashuka anatembea. Kila hatua kama 20 tukalaza mawe ya mshazari kukatiza njia, ili maji ya mvua yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu. Juu ya mfongo tukalaza magogo na udongo. (Punda wanaogopa daraja jipya. Usimpige. Mtangulize aliyezoea, au kaa hapo ule ndizi mpaka aamue mwenyewe.) Njia tukaigawa: kaya 23, vipande 23. Asiyekuja analipa, na faini ni mbege, maana pesa watu wanasahau kudaiana lakini mbege kila mtu anaikumbuka.

Kisha sogi, tandiko la kubebeshea mzigo mgongoni. Za kwanza zilimtoa Haisi kidonda kwenye uti wa mgongo, nililia. Sasa tunashona mito miwili ya gunia, tunaijaza majani makavu ya migomba, mmoja kila upande, na katikati unaacha uwazi ili mgongo upumue. Upana wa vidole vinne. Mikungu unaichagua pacha: shika mmoja mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, funga macho, ukihisi bega moja linashuka badilisha. Mzigo ukiegemea upande mmoja, sogi inazunguka na kamba inakata ngozi. Na usimfuge mmoja, punda wa peke yake analia mpaka unajuta.

Kingine nilichojifunza nilikuwa nacho nyumbani muda wote. Bibi yangu alibeba kahawa kichwani maisha yake yote, ila hakuifikisha Moshi hata siku moja. Aliishusha hadi chama cha msingi, dakika 20. Hivyo vyama vilikuwa chini ya KNCU, ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ulioanza 1933. Hapo lori likaichukua hadi kiwanda cha kukoboa mjini, na reli iliyofika Moshi 1911 ikaipeleka Tanga. Kichwa kilibeba kipande kidogo, cha mwanzo. Sisi tulitaka punda afanye kazi ya bibi, ya lori na ya reli. Siku hizi punda anaishia kwenye banda letu kando ya lami. Kutoka hapo maguta mawili ya kupiga pedali, baiskeli za mizigo za magurudumu matatu, yanateremka soko la Mbuyuni, Moshi. Kurudi yanasukumwa, au yanapandishwa juu ya kirikuu tukipata ya kurudi tupu. Ndiyo, kirikuu ya mafuta. Anayekwambia kijiji chake hakimhitaji mtu yeyote, muulize chumvi ananunua wapi. Na punda hawarudi mikono mitupu: pumba, na majani ya ng'ombe ambayo mama zetu walikuwa wanayatoa tambarare kichwani.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Ngaramtoni, ushauri: anzeni na njia. Ninyi punda mnao, mnawajua kutuzidi sisi. Msiwauze tu. Serikali ilizuia kuwachinja mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara ya ngozi zao bara zima, lakini mwenye tamaa hasomi matangazo. Gaweni njia vipande kabla hamjachanga hata shilingi ya mkokoteni. Mkishindwa kukutana Jumamosi moja kwa mwezi kuzibua mchirizi, basi hata mkipewa lori bure litawashinda. Vijana mnapenda chombo kwa sababu chombo kinapigwa picha. Njia haipigwi picha. Anzeni na njia.

Ingawa nayo inapigwa. Mwezi uliopita walikuja wageni, na yule mwenyekiti akawatembeza kona kwa kona: "Hapa tulifikiria sana." Tulifikiria! Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika kamba ya Haisi.

Umesema mnataka kuja kuona. Msaragambo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi, pale kwenye magogo. Jembe mje nalo. Mkokoteni ukiutaka bado chukua, nitakuachia bure, ila sasa hivi kuna tetea analalia, subiri wiki tatu.