Mtafiti mzawa aandike nini kuhusu nafasi yake?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili katika isimu, na nitatafiti njeo (maumbo ya kitenzi yanayoonyesha wakati) za Kihaya huko Ihangiro, wilayani Muleba. Kwetu ni Kiziba, ila nimesomea Dar es Salaam. Msimamizi anataka nieleze "nafasi ya mtafiti" katika sura ya mbinu. Niandike nini, ikiwa lugha ni yangu mwenyewe?

JIBU: Marahaba. Andika yale tu yanayoweza kuigeuza data yako, na kwa kila moja useme umelidhibiti vipi. Kuandika "mtafiti ni mzawa, hivyo anaufahamu utamaduni" hakumsaidii msomaji. Anataka kujua uzawa huo umekufaa wapi, na wapi huenda umekupotosha.

Hatari yako kubwa ni lahaja. Ihangiro wanasema Kinyaihangiro. Wewe utakisikia Kinyaihangiro, mkono uandike Kiziba, lahaja ya kwenu, na hutagundua, kwa kuwa mzawa husikia anachokitarajia. Kwa hiyo usiukague unukuzi wako (maandishi ya ulichosikia kwenye rekodi) peke yako. Katika kila dakika kumi za rekodi, chagua moja kwa bahati nasibu, uisikilize pamoja na msemaji wa hapo ambaye siye aliyerekodiwa, huku mkipitia ulichoandika neno kwa neno. Hesabu masahihisho yake na idadi uiripoti. Rasimu ya kwanza usiifute.

Linalofuata ni Kiswahili cha shuleni. Maandishi yaliyopo kuhusu Kihaya yanaonyesha wakati uliopita wa namna tatu: twakoma (tulifunga kwa kamba, leo), tukomile (jana), tukakoma (kabla ya jana). Ukidodosa, yaani ukimwomba msemaji akutafsirie, kwa kusema "tulifunga" utapewa umbo moja, kutegemea msemaji amewaza siku gani. Mawili yaliyobaki utayajaza kutoka kichwani mwako, na hapo utakuwa umetafiti Kiziba chako. Dodosa kwa muktadha, tena kwa Kihaya: mbuzi wamefungwa asubuhi ya leo, jioni hii unamsimulia jirani, unasemaje? Kisha badilisha siku. Wala usidhani Ihangiro watakupa maumbo hayo hayo.

Toni nayo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kwenye silabi. Sisi tuliojifunza kuandika kwa Kiswahili tumezoea kuiacha, na katika njeo za Kihaya toni ni sehemu ya umbo lenyewe. Iandike tangu siku ya kwanza, uihakikishe kwa Praat, programu ya kompyuta ya kuchanganua sauti. Rekodi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, angalau 44.1 kHz na biti 16. Sauti zilizotumwa kwa WhatsApp zimebanwa, hazifai kwa kazi hii.

Kuhusu watu: utaulizwa ukoo kabla hujamaliza kujitambulisha. Ihangiro ilitawaliwa na ukoo wa Bahinda, Kiziba na ukoo wa Babito. Mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963, lakini ukoo wako bado unaweza kuamua nani atafunguka mbele yako na nani atakujibu kwa adabu tu. Fuata taratibu zote za kibali, ila mtendaji wa kata akishakutambulisha mwombe asikae kwenye mahojiano, wala asikuchagulie wasemaji. Mara nyingi atakuletea walimu wastaafu, nao mbele yake watajibu kwa Kiswahili. Kama wewe ni mwanamume, tafuta msaidizi wa kike wa kuzungumza na kina mama wazee mambo ya ndoa na uzazi.

Kila faili la sauti liwe na maelezo yake: nani aliyekutambulisha, nani walikuwepo, una uhusiano gani na msemaji, mazungumzo yalianza kwa lugha gani. Bila hayo, msemaji mmoja akitofautiana na wenzake hutajua kama ni lugha yake au ni hali ya siku ile.

Na kabla hujasafiri, kaa ujaze jedwali la njeo zote kama unavyozisema wewe, toni zikiwemo. Litie tarehe, umkabidhi msimamizi nakala. Ukirudi, lilinganishe jedwali hilo na data ya Ihangiro umbo kwa umbo. Yote mawili yaende kwenye viambatisho. Pale yanapofanana kupita kiasi, rudi kwenye rekodi usikilize upya.