Kadi moja ya Nol inatosha watu wawili?

SWALI: Shikamoo dada. Mwezi ujao nakwenda Dubai kufuata mzigo wa nguo, mara yangu ya kwanza, nikiwa na mdogo wangu wa kike. Tutalala Deira. Wenzangu wananiambia teksi zitakula mtaji, nitumie kadi ya Nol, ile ya kulipia nauli ya treni za metro na mabasi ya huko. Je, moja inatutosha sote? Na tuchukue ya rangi gani?
Msomaji, Kariakoo

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Haitoshi. Geti la metro halipitishi watu wawili kwa kadi moja hata salio liwe kubwa kiasi gani. Wewe utapita, mwenzako atabaki nyuma. Kila mtu awe na yake.

Chukueni Silver. Inauzwa dirhamu 25, na ndani mna dirhamu 19 za nauli. Ile nyekundu ya karatasi ni dirhamu 2 tu, ndiyo maana wageni huikimbilia, lakini safari ya kanda moja (mji umegawanywa kanda za nauli) inakutoza 4 badala ya 3, na ukiijazia metro huwezi kupandia basi. Silver hudumu miaka 5: ukirudi kufuata mzigo mwingine, unaongeza salio tu. Gold iacheni. Nauli yake ni mara mbili, na pesa hiyo ina kazi sokoni.

Angalia tiketi yako ya ndege. Mkitua Terminal 1 au 3, metro iko hapo hapo; Terminal 2 haina. Pandeni Red Line hadi Union, mhamie Green Line, na kituo kinachofuata ni Baniyas Square, katikati ya Deira. Kote huko ni dirhamu 3 kila mtu. Tafuteni behewa la wanawake na watoto, limewekewa alama ya pinki sakafuni. Jioni watu wakitoka kazini utalishukuru.

Kama umeshavuka Kigamboni kwa pantoni ukalipa kwa N-Card, kugusisha kadi si kitu kigeni kwako. Cha kuzingatia ni basi: unagusisha unapopanda na unapoteremka pia. Sisi tuliozoea daladala, tukifika kituoni mawazo yote yako mlangoni, na hapo ndipo kadi inaposahaulika. Mkaguzi akikukuta umepanda bila kulipa, faini ni dirhamu 200, na kusema wewe ni mgeni hakukusaidii. Ukitoka getini, kijioo kinakuonyesha salio lililobaki. Lisome kila mara, na likikaribia 15 jaza kwenye mashine ya kituoni kabla foleni haijawa ndefu.

Kuhusu mzigo: metro inaruhusu sanduku moja kubwa na moja dogo kwa abiria. Marobota ya nguo wakabidhini watu wa kago palepale mnaponunua, msihangaike nayo vituoni.

Na msimalizie hela zote kwenye kadi. Abra, zile mashua za mbao za kuvuka kutoka Deira kwenda Bur Dubai, ni dirhamu 1 taslimu.